Kikohozi cha Bibi

Siku hizi nyumba hupimwa thamani pamoja na pumzi za waliomo. Benki ilitunyima mkopo wa kununua nyumba tunayopanga, kwa sababu mashine yake ya kupimia ilisikia kikohozi cha bibi ikashusha bei.

"Kumbe mimi ni ufa wa ukuta!" bibi alicheka. "Basi nipelekeni kwa shangazi yenu mpaka wapime tena."

Tukampeleka. Mkopo ukatoka, kwa sharti kwamba nyumba ibaki kama ilivyopimwa. Mashine waliiacha juu ya mlango wa sebuleni, inasikiliza.

Jana bibi alinipigia simu.

"Mke mwenzangu, mnakuja kunichukua lini? Uji wa huku hauna hata ndimu."

Baba aliitazama mashine juu ya mlango. Nikamwambia bibi bado tunapaka rangi chumba chake.