Doa la Kisigino

Uvumi wa bombani, walikoteka maji majirani, ulimganda Kageha kama kupe: eti anayelisha panya wa maabara huambukizwa saratani yao. Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya binti yake. Kila jioni Kageha alimzuia mlangoni mpaka anawe hadi viwikoni.

Jioni hiyo alikuwa hoi. Alikuwa amesimama sokoni Muthurwa tangu asubuhi akiuza sukuma wiki. Alikalia ndoo, akakunja mguu, akashika wembe akwangue ule weusi wa kisiginoni. Alikuwa akiukwangua kila mara, nao ukirudi.

“Mama, weka wembe chini.”

“Ni sugu tu. Wewe umenawa?”

Binti alipiga magoti, akawasha tochi ya simu. Doa lilikuwa kubwa kama haragwe, kingo zake zimesambaa kama wino kwenye karatasi.

“Uvimbe wa panya wetu huanza kama punje ya ulezi chini ya ngozi, nyeusi hivi. Wiki mbili tu, ni haragwe. Mimi ndiye huwapima.”

“Si nilisema! Umeniletea!”

“Saratani haiambukizi, Mama. Umekaa na doa hili tangu lini?”

Kageha alihesabu miaka. Lilianza kabla binti hajaajiriwa.

Kesho yake, kwenye foleni ya hospitali, aliandika karatasi ya kubandika bombani:

Usikwangue doa jeusi la mguuni kwa wembe.
Usilitie maji ya betri.
Usilifiche kwa hina.
Usimkimbie anayeshika panya.
Usingoje liume. Langu haliumi mpaka leo.