Kitako cha Bunduki ya Mshamu

Katika mji ule, fundi aliyetengeneza bunduki ilimpasa asimame ubavuni mwa mwindaji siku ya kuitumia, asije akafanya kazi ya kulipua. Desturi nzuri sana, mradi fundi usiwe wewe.

Safari hii fundi alikuwa Ngwali, seremala wa vitanda. Kitako cha bunduki ya Mshamu kilikuwa kinacheza pale kinapoungana na mtutu, na risasi ilikwenda popote ilipotaka. Ngwali alipachika kipande cha bati, akakaza skrubu, akatikisa. Bado kilicheza, kidogo tu. Lakini majirani walikuwa wamejaa kibarazani wakimtazama, akajikuta anasema, "Imeshika kama ndoa ya mama yangu."

Sasa walikuwa wamesimama mbele ya shamba la miwa, na ndani yake nyati aliyejeruhiwa alikuwa anakoroma.

"Mbona unatetemeka, fundi?" Mshamu alinong'ona.

"Baridi, kaka."

"Saa saba hii ya mchana?"

Ngwali alikitazama kitako. "Kaka, mama yangu aliachika."

Mshamu aligeuka kumkodolea macho, na papo hapo miwa ikaanza kulala chini, mstari mmoja, ikija upande wao. Mshamu akaweka bunduki begani. Kitako kikalia, kche.

Ngwali akaidaka pale palipolegea, mbao na chuma pamoja, akabana kwa mikono miwili kama anavyobana mguu wa kitanda gundi ikikauka.

"Lenga, kaka. Nimeshika."

Mbele yao ilibaki miwa michache tu, nayo ilikuwa inatikisika.