Upande wa Kushoto

"Na hii nayo mbovu!" Mashauri aliitupa mezani hedifoni ya nne. "Kushoto hailii."

Zamda, mwenye duka, aliivaa. Katika filamu ya majaribio kulikuwa na mtu anayemzunguka msikilizaji. Alivisikia vishindo vyake pande zote.

"Mbona inalia, kaka?"

"Dada, mimi nawatafsiria watazamaji filamu kwenye banda la video, kibanda umiza, mwaka wa kumi na mbili huu. Nisipojua adui anatokea wapi, watu nitawaambia nini? Jana wamenizomea."

Zamda alimvalisha tena, safari hii ameigeuza, spika ya kulia ikakaa sikio la kushoto.

"Sasa upande gani haulii?"

Mashauri alisikiliza. Ukimya haukuhama. Ulibaki kulekule kushoto.

"Yote inalia," alisema haraka. "Nifungie hiyohiyo."

"Basi nionyeshe kwa kidole anakopita."

Kidole kilifuata vishindo kulia, kikaenda nyuma, kikaingia kushoto. Hapo Zamda akaizima filamu bila yeye kuona.

Kidole hakikusimama. Kiliendelea kutembea upande wa kushoto, polepole, kikimsubiri mtu yule atokeze mbele.