Rangi Mbichi Juu ya Jiwe

Uvumi ulitoka Lumakanda: mpima ardhi alianzia kwenye jiwe lisilo la mpaka, na nyumba ya watu ikaangukia kwa jirani. Tangu wapimaji wafike kwao Shinyalu, Khalayi alilala na uvumi huo na kuamka nao.

Asubuhi hiyo mmoja wao alimwuliza, "Mama, bikoni yenu, jiwe la mpaka, iko wapi?"

Alikuwa akisonga ugali. Akanyoosha mwiko mlangoni. "Si ndiyo ile pale, yenye chuma katikati?"

Sasa wapimaji walikuwa wamekwenda, na jirani alikuwa akipigilia vigingi ndani ya mahindi ya Khalayi.

"Shemeji, hapo si kwangu?"

"Palikuwa. Kamba ya kupimia imeanzia pale ulipoonyesha mwenyewe."

Khalayi akafuata vigingi hadi kwenye jiwe. Lilikuwa limepakwa rangi nyekundu ya wapimaji, bado mbichi, ikamshika kidoleni. Halikuwa bikoni. Ilikuwa simiti aliyoimwaga mumewe, na chuma chake, juu ya kaburi la mtoto wao. Bikoni yenyewe, nayo yenye chuma katikati, ilikuwa hatua thelathini mbele, imemezwa na nyasi.

Usionyeshe bikoni ukiwa jikoni, fika, uiguse.
Usiache nyasi ziifunike.
Usikubali kamba ivutwe kabla namba iliyo kwenye bikoni haijasomwa.
Usimwekee mtoto simiti yenye chuma.