Likizo ya Kasiani

Tangu shule ya mapadri ianze kubadilishana watoto, hakuna mvulana anayekwenda likizo kwao. Kompyuta ya shule humpangia kila mmoja nyumba ya kabila jingine au dini nyingine, ili wakue wakipendana. Na kweli wanapendana, hilo Bibi Eufrasia hakatai.

Kwake Mbinga amewapokea wengi. Alimtandikia Shafii mkeka wa kuswalia. Akajifunza kumshika kichwa Lemayan, maana kwa Wamasai mtoto huinama ndipo asalimiwe. Wote aliwaita "mume wangu", kama bibi yeyote, nao wakacheka. Lakini moyo ulikuwa kwa Kasiani, mjukuu wake wa pekee, ambaye zamani akitoka shule alipitiliza jikoni kufunua sufuria hata kabla ya shikamoo.

Mwaka huu wa mwisho wa shule, sijui kompyuta ilikosea au ilimhurumia Bibi, ikamletea Kasiani. Bibi akapika makande, akaacha mlango wa jikoni wazi.

Gari lisilo na dereva likamshusha uani.

"Hodi!"

Bibi akamsubiri aingie.

"Hodi hapa!"

"Hodi ya nini, mume wangu? Makande yanapoa!"

Kasiani akavua viatu mlangoni, akainamisha kichwa ashikwe. Bibi akamshika. Kisha kijana akaketi kwenye kiti cha wageni, magoti pamoja.

"Ahsante sana, Bibi. Samahani, hapa mnanawia wapi mikono?"

Bibi akamwonyesha, taratibu, kama alivyowaonyesha wenzake.