Uzi wa Mguuni

"Panda mchikichi ule, mzee! Bwana Mkubwa anapita kesho, barabara yote ipambwe makuti." Tarishi wa mahakama alimtia Nnaji panga mkononi mbele ya soko zima.

Nnaji akamwonyesha uzi mwekundu wa cheo aliofunga mguuni. "Mwenye cheo hiki hapandi mti, wala hamwagi damu ya mtu. Niliapa."

"Basi atapanda mkeo, sisi tutazame kwa chini!"

Tarishi akamburuta Ugoye mpaka kwenye mchikichi, akamchapa kiboko cha mgongo, kisha cha pili. Damu ikapenya kwenye nguo.

Nnaji akainama, akaukata uzi. Wazee wenye cheo kama chake wakageuza nyuso.

"Ehee! Sasa umekuwa mwanamume," tarishi akacheka. "Haya, juu!"

Panga likamwingia shingoni kabla hajamaliza kucheka.

Filimbi ikalia upande wa mahakama, zikafuata mbio za buti. Soko likatawanyika. Nnaji akaketi kando ya maiti, akihema. Wawili kati ya wale wazee wa cheo wakaja na vigoda vyao, wakaketi kulia na kushoto kwake, wakitazama barabara.