Aliyebonyeza Ni Nani

"Mama anabonyeza kila anachokiona," mwanangu alimwambia fundi, na foleni nzima nyuma yetu ikasikia. "Labda wewe umfundishe, mimi nimechoka."

Tulikuwa tunairudisha kompyuta yangu kwa fundi huyo kwa mara ya tatu. Kila mara ilirudi nyumbani na skrubu pungufu na virusi vilevile.

Fundi, bisibisi juu ya sikio, akaigeuza skrini ituelekee sote, sisi na foleni.

"Virusi vimepitia hapa," akasema, kisha akasoma kama mtu anayenadi mitumba: "Wasichana Wapweke Mtaani Kwako. Tovuti hii inafunguliwa kila Jumapili mchana."

Nyuma yetu mtu akaguna.

Jumapili mchana mwanangu huja kunisalimia. Mimi huwa jikoni namkaangia samaki, yeye hubaki sebuleni na kompyuta, mlango ameurudishia.

Nikamtazama. Alikuwa anaizungusha pete yake ya ndoa kidoleni, taratibu, kama anayelegeza skrubu iliyokwama. Uso ukaniwaka moto kwa aibu yake.

"Ni mimi," nikamwambia fundi. "Uzee huu. Nabonyeza tu."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikaanguka. "Bibi! Wasichana?"

Nilimsubiri mwanangu anitetee, japo kwa neno moja.

Akakohoa, macho kwenye viatu vyake.

"Si nilikwambia, mama?" akasema. "Usifungue vitu usivyovijua."